Safu 240 si watu 240

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wa barua tuzungumzie habari za mifumo mipya ya simu na kompyuta, ambazo hapa Dodoma hazikauki. Leo mfumo "umepunguza muda wa kumhudumia mwananchi kwa asilimia 40", kesho programu "imefaulu kwa asilimia 90". Mifumo yenyewe huenda ni mizuri, hatuna ugomvi nayo. Ugomvi wetu ni na hesabu. Namba za aina hiyo kwa kawaida hutoka kwenye jaribio la watu wachache waliokalishwa mbele ya skrini, na mwandishi huletewa asilimia bila kuambiwa walikuwa wangapi, walianza na toleo lipi, wala walioshindwa walihesabiwa vipi.

Tuchukue mfano unaojulikana majumbani: tarakimu 20 za tokeni ya LUKU, umeme wa kulipia kabla. Je, mtu huziingiza upesi zaidi zikiletwa mfululizo, au zikigawanywa nne nne? Swali hilo linajibika kwa meza moja, kibodi ya mita isiyounganishwa na umeme, na washiriki 12. Kila mshiriki anaingiza tokeni 10 zilizoandikwa mfululizo na 10 zilizoandikwa nne nne. Tarakimu zichaguliwe kwa kubahatisha na tokeni isijirudie, maana mtu akikutana na tarakimu zilezile mara ya tatu ameshazikariri, na hapo unapima kumbukumbu yake badala ya mpangilio wa tarakimu. Tokeni mbili tatu za mwanzo ziwe za kujizoeza tu, zisiingie kwenye hesabu.

Kisha zamu. Anayeanza huwa bado anatafuta vibonye vilipo. Akifika kwenye toleo la pili mkono umeshakuwa mwepesi. Kama watu wote 12 walianza na toleo la zamani, jipya litaonekana la haraka hata likiwa nakala ya lile lile. Uchovu nao huvuta upande wa pili: tokeni 20 ni mibonyo 400, na kuelekea mwisho vidole huanza kuteleza. Dawa ni nusu ya washiriki waanze na mfululizo, nusu waanze na nne nne. Hilo haliondoi mazoea wala uchovu, ila linavigawa sawa kwa pande zote mbili. Matoleo yakiwa manne, mipangilio minne inatosha: ABDC, BCAD, CDBA na DACB. Ukiikagua utaona kila toleo linakaa mara moja katika kila nafasi, na linatanguliwa na kila jingine mara moja tu. Kwa hiyo washiriki wawe 12, 16 au 20, idadi inayogawanyika kwa nne, na mtu asipotokea, anayeziba nafasi yake achukue mpangilio uleule wa aliyekosekana.

Jaribio la LUKU likiisha, jedwali lina safu mlalo 240. Hapa ndipo wengi huanguka. Wanazimwaga zote kwenye Excel, wanachagua kipimo cha t cha makundi mawili, kinacholinganisha wastani wa kundi moja na wa jingine, na kompyuta inawarudishia digrii za uhuru 238, kana kwamba kuna ushahidi huru wa kiasi hicho, pamoja na thamani ndogo mno ya p, yaani uwezekano wa kuona tofauti kubwa kiasi hicho kwa bahati tu. Kompyuta haijui kwamba safu 20 kati ya hizo ni za mama mmoja aliyesahau miwani nyumbani. Atakuwa wa polepole mara zote 20, na mara zote 20 ni ushahidi wa mtu mmoja. Njia salama ni fupi: kwa kila mshiriki tafuta wastani wa toleo la kwanza na wastani wa toleo la pili, toa mmoja kwa mwingine, ubaki na tofauti 12. Hizo 12 ndizo data. Kipimo cha t cha jozi sasa kina digrii za uhuru 11, na t lazima ipite 2.201 ndipo p ishuke chini ya 0.05. Anayetaka kutumia safu zote 240 kwa haki atumie modeli mseto, inayompa kila mshiriki kiwango chake cha kuanzia. Programu ya R hufanya kazi hiyo na hailipiwi. Watu 12 si wachache mno kwa hesabu hizi. Kipimo cha t chenyewe kilichapishwa mwaka 1908 na William Gosset, mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, kwa jina la "Student", kwa sababu sampuli alizokuwa nazo kazini zilikuwa ndogo.

Muda una tabia yake nyingine. Tazama sekunde za watu wanane wakiingiza tokeni moja, namba za mfano tu: 28, 31, 33, 36, 39, 44, 52, 161. Wastani wake ni sekunde 53. Watu saba kati ya wanane wako chini ya huo "wastani", kwa hiyo haumwelezi yeyote. Sababu ni kwamba hakuna anayeweza kuingiza tarakimu 20 kwa sekunde sifuri, upande wa chini una ukuta, lakini upande wa juu uko wazi: aliyekosea tarakimu ya 17, mita ikakataa, akaanza upya, akakosea tena, ndiye huyo wa 161. Mediani, yaani namba ya katikati, ni 37.5. Wastani wa kijiometri, unaopatikana kwa kuchukua logi ya kila muda, kutafuta wastani wa logi hizo, kisha kuurudisha, ni 44. Kwa muda wa kazi tunashauri huo wa kijiometri, na wastani wa kila mshiriki tuliousema hapo juu utafutwe kwenye logi hizohizo.

Yule wa 161 asifutwe. Kuna tabia ya kufuta namba "zisizoeleweka" baada ya kuona zinavyoharibu matokeo, na kwa kweli huko ni kuchagua jibu. Safu inafutwa kwa sababu iliyoandikwa kabla ya jaribio: simu ilizima, mtandao ulikatika, mshiriki aliitwa nje. Mtandao hasa unahitaji uangalifu kwa mifumo inayotegemea intaneti au menyu za simu. Programu ya kurekodi iandike kwa milisekunde muda ukurasa ulipofunguka na muda mtu alipogusa, vinginevyo unamlaumu au kumsifu msanifu kwa kasi ya mnara.

Turudi kwenye tofauti zetu 12. Tuseme, kwa logi asilia, wastani wake ni 0.22 na mchepuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi zinavyotawanyika, ni 0.30. Gawanya 0.30 kwa kipeuo cha pili cha 12, unapata 0.087, zidisha kwa 2.201, unapata 0.19. Mipaka ya uhakika wa asilimia 95 basi ni 0.03 hadi 0.41. Ukizirudisha kutoka kwenye logi: tokeni ya mfululizo inachukua mara 1.25 ya muda wa nne nne, ila ukweli unaweza kuwa mara 1.03 au mara 1.51. Kichwa cha habari kingesema "asilimia 25". Ni kweli, lakini asilimia 3 na asilimia 51 nazo zimo ndani ya data hiyohiyo, na anayeidhinisha fedha za mfumo angependa kuzijua.

Walioshindwa kabisa ndio wanaotusumbua zaidi. Mtafiti ameweka kikomo cha dakika tatu, watu wawili hawakumaliza, akawaondoa kwenye wastani wa muda kwa kuwa "hawana muda". Matokeo yake toleo gumu linasifiwa: wazito wote limewatupa nje, wamebaki wepesi, na wastani umeshuka. Aliyeshindwa aandikwe "zaidi ya sekunde 180", na mediani bado itapatikana iwapo walioshindwa ni chini ya nusu. Kiwango cha waliomaliza kichapishwe kando ya muda, kila mara. Makosa pia: anayekimbia anakosea, na toleo la haraka lenye tarakimu nyingi zilizokosewa si la haraka.

Na "asilimia 90"? Mara nyingi ni watu tisa kati ya kumi. Kuna njia rahisi inayotokana na kazi ya wanatakwimu Agresti na Coull ya mwaka 1998: ongeza wawili waliofaulu na wawili walioshindwa, ziwe 11 kati ya 14, kisha kokotoa mipaka kama kawaida. Inatoka kama asilimia 57 hadi 100. Mfumo unaowashinda watu wanne kati ya kumi bado ungeweza kuleta tisa kati ya kumi kwenye chumba cha majaribio. Hata watu 30 wakifaulu wote, kiwango halisi cha kushindwa bado kinaweza kukaribia asilimia 10. Kanuni ya mkato ni tatu gawanya kwa idadi ya watu.

Watengenezaji wa mifumo watatuambia watu watano wanatosha. Kauli hiyo inatokana na watafiti Nielsen na Landauer, 1993, na ilihusu kugundua kasoro: kama kila kasoro humkwaza mtu mmoja kwa uwezekano wa asilimia 31, watu watano wataibua karibu asilimia 85 ya kasoro. Ni ushauri mzuri kwa fundi anayetafuta pa kurekebisha. Kwa kulinganisha matoleo mawili hausaidii. Hata kwa kasoro una mpaka: ile inayomkwaza mtu mmoja kati ya kumi ina nafasi ya asilimia 41 tu ya kuonekana mbele ya watu watano.

Dodoso la SUS, la kupima urahisi wa kutumia mfumo, lililobuniwa na John Brooke mwaka 1986, linapendwa na linaharibiwa sana. Lina sentensi 10, kila moja inapewa alama 1 hadi 5. Kwa sentensi za namba witiri toa 1. Kwa za namba shufwa, ambazo ni za lawama, toa alama ya mshiriki kutoka 5. Jumlisha zote, zidisha kwa 2.5. Inatoka 0 hadi 100, lakini si asilimia: 70 haina maana kwamba asilimia 70 wameridhika, na wastani unaotumika kulinganishia ni 68. Anayejibu namba moja mwanzo hadi mwisho, iwe 1 au 5, hupata 50 kamili. Kwa hiyo 50 zikiwa nyingi, fungua karatasi zenyewe uangalie kama zilisomwa. Zaidi ya hapo kuna adabu zetu. Kijana aliyetengeneza programu akisimama pembeni na kumwamkia mzee shikamoo, mzee hatamvunja moyo kwa kumpa 1. Anayehoji asiwe aliyetengeneza, na karatasi ijazwe bila kusimamiwa.

La kupima mambo mengi tutalipita haraka. Ukifanya vipimo 20 kwenye data isiyo na tofauti yoyote, na vipimo hivyo havitegemeani, uwezekano wa angalau kimoja kutoa p chini ya 0.05 ni asilimia 64. Ama taja mapema kipimo kimoja kikuu, ama tumia marekebisho ya Holm ya mwaka 1979, yanayobana kiwango cha p vipimo vikiwa vingi, na useme ulipima vingapi.

Mwisho ni nani alipimwa. Wanafunzi wa chuo kikuu hupatikana kirahisi, wana simu janja na macho makali. Matokeo yao yanawahusu watu wa aina yao. Mfumo wa bei za mazao ukakaguliwe na wauza mahindi wa soko la Kibaigwa, saa saba mchana, jua la utosini, skrini ikiwa imejaa vumbi, kwa sababu huko ndiko utakakofunguliwa. Majina na namba za simu zisibaki kwenye jedwali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na hesabu haihitaji zaidi ya namba ya mshiriki.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni kwamba taarifa ya namna hii ikifika mezani, mwandishi wako apige simu moja kabla haijachapwa, ili sentensi isomeke hivi: "Watu 12, wauzaji wa sokoni wenye miaka 24 hadi 61, walijaribu matoleo yote mawili kwa zamu, la zamani lilichukua mara 1.25 ya muda wa jipya (mipaka 1.03 hadi 1.51); wawili walishindwa la zamani, mmoja alishindwa jipya." Ni maneno yasiyofika 40. Asiyeweza kumjazia mwandishi nafasi hizo, jaribio lake halijawa tayari kwa gazeti.

Wachambuzi wa takwimu,
Dodoma