Kabla ya picha za makorongo tuambieni habari za maji na saa

Mhariri,

Salaam nyingi kutoka Mbale, Uganda. Wiki iliyopita kwenye ukurasa wenu wa safari mliweka picha kubwa ya Grand Canyon, lile bonde refu la mawe kule Marekani, mkaandika ni mahali pazuri pa kupeleka familia likizo ya watoto, mkataja ndege, mkataja hoteli, mkaishia hapo. Picha ni nzuri sikatai, hata mimi nimesimama pale ukingoni nikakosa la kusema. Lakini nimesoma ile habari mara mbili nikitafuta neno maji sijaliona hata mara moja, wala hamkusema mtu ashuke saa ngapi ageuke saa ngapi. Ndo nimeona niandike, manake mwaka 2023 mwisho wa Agosti tulikwenda huko na watoto na nusura turudi na msiba.

Kijana wangu mkubwa anafanya kazi Phoenix, jimbo la Arizona, na yeye ndo alitutumia tiketi, mimi na baba yao na mabinti wawili, mmoja ana miaka 16 na mdogo wake 11. Tulipanga kwa simu kuanzia Januari. Watoto wetu huku wanafunga muhula wa pili Agosti wanarudi Septemba, na wakati huo kiangazi cha Wamarekani kinaishia, shule zao nyingi zishafunguliwa, nikaona ni bahati, watu watakuwa wamepungua. Na kweli walikuwa wamepungua kidogo. Kitu ambacho sikukijua ni kwamba kuanzia Julai mpaka katikati ya Septemba ndo msimu wa mvua za radi kule jangwani, na joto nalo bado halijatoka. Mwaka huohuo Phoenix walipitisha siku 31 mfululizo, mwisho wa Juni mpaka mwisho wa Julai, kila siku nyuzi 43 au zaidi. Kijana alituambia kwenye simu, baba yake akamjibu, "Sisi watu wa huku unatutishia jua?" Na mimi nilikuwa upande wa baba yake.

Hapo ndo tulipokosea mwanzo. Jua la kwetu lina unyevu, ukitoka sokoni kwa mguu mpaka Namakwekwe saa saba mchana jasho unaliona, nguo inaloa, mwili wenyewe unakwambia tafuta kivuli unywe maji. Jangwani jasho linakauka kabla hujaliona. Unajigusa uko mkavu, unadhani uko sawa, kumbe maji yanakutoka tu.

La pili ni kwamba korongo ni mlima uliopinduliwa. Ukipanda mlima wetu wa Wanale unaanza kupanda ukiwa na nguvu, ukichoka unageuka, unashuka, umefika nyumbani. Korongo linakushusha kwanza ukiwa mzima alafu linakudai kupanda ukiwa umechoka. Waliowahi kuteremka Sipi mpaka chini ya maporomoko wananielewa, kushuka ni raha, kazi iko kurudi. Sasa ile ya Sipi izidishe mara nyingi, manake ukingo wa kusini wa Grand Canyon uko kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari na kutoka pale mpaka mto Colorado ni zaidi ya mita 1,300 kwenda chini, na kadiri unavyoshuka ndo joto linaongezeka. Julai wastani wa joto la mchana kule juu ni nyuzi 29, chini mtoni ni 41. Yaani unaondoka kwenye hewa kama ya Kapchorwa unaingia kwenye tanuri, na kutoka kwenye tanuri ndo unatakiwa upande.

Sisi tulishuka kwa njia inaitwa Bright Angel, saa tatu na nusu asubuhi. Kijana alibaki juu, alikuwa na kazi ya kumalizia kwenye kompyuta. Kampuni moja ya safari tuliyoiuliza kabla ilituambia chupa moja ya nusu lita kwa kila mtu inatosha, ni matembezi mafupi. Tulipanga kufika kwenye kibanda cha mapumziko cha kwanza tu, kama kilomita mbili na nusu kutoka juu, mita 340 hivi za kushuka. Tulishuka watoto wanaimba, kuna baghala wa kubeba watu walipita, tukajibana kwenye ukuta wa mwamba wakapita na harufu yao, kila mtu anapiga picha. Tukafika kibandani mapema mno, watoto wakasema twende mbele kidogo, tukaenda kidogo, alafu kidogo tena. Pale kibandani kulikuwa na bomba na maji yanatoka. Hatukujaza, manake chupa zilikuwa bado na maji ndani, na hilo linaniuma mpaka leo. Tulipogeuka ilikuwa saa tano na nusu.

Mdogo alianza kwa kunyamaza. Huyu ni mtoto wa kuongea kutwa, mimi nikadhani amechoka tu nikamwambia tembea mwanangu tunafika. Baadae akasema kichwa kinamgonga. Alafu akakaa chini palepale kwenye vumbi jekundu akaniambia, "Mama, nasikia baridi." Baridi, Mhariri, na jua liko utosini. Nikamshika mkono nikaona vinyweleo vimesimama kweli, na pembeni ya midomo chumvi imeganda nyeupe kama unga. Akatapika. Nikafungua chupa yangu, maji yaliyobaki yalikuwa ya kujaza kifuniko mara mbili.

Aliyetuokoa ni mama mmoja wa makamo, Mmarekani, alikuwa anapanda polepole na fimbo mbili. Hakuuliza maswali. Alitoa maji yake akammwagia mtoto kichwani na kwenye fulana mbele na nyuma mpaka ikalowa chapachapa, akatusogeza kwenye kivuli cha mwamba, kivuli chenyewe chembamba kama mkeka, akatoa vibiskuti vya chumvi akawa anampa kimoja, anamnywesha funda moja, anangoja, anampa kingine. Mimi nilitaka tumbebe mtoto tupande haraka, akanikataza kwa mkono, kaeni hapahapa mpaka jua lipinduke. Tulikaa masaa matatu na zaidi. Baadae akapita askari wa hifadhi, binti mdogo tu, akampima mapigo, akaenda akatujazia chupa, na ndo yeye alitueleza vitu ambavyo tulitakiwa kuvijua tukiwa bado Mbale. Kwamba kiangazi mtu asiwe kwenye njia za kushuka korongoni kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Kwamba ukishuka kwa saa moja hesabu mbili za kupanda. Na kitu ambacho sikuwahi kukisikia, kwamba maji peke yake hayatoshi, ukinywa maji mengi bila kula kitu cha chumvi unashusha chumvi ya damu, na dalili zake zinafanana na za joto, kichwa na kichefuchefu, kwa hiyo mtu anazidi kunywa na anazidi kuumwa.

Tulifika juu jua linazama, baba yao amembeba mgongoni karibu njia nzima. Alhamdulillahi asubuhi yake alikula chai na mayai.

Hiyo ni ya joto. Kuna ya mvua pia, na hii watu wa Mbale sihitaji kuwafundisha. Usiku wa kuamkia Julai 31 mwaka 2022 maji ya mito Nabuyonga na Namatala yalitukuta wengine tumelala, maji yametoka mlimani huko juu. Makorongo ya Utah, jimbo jirani na Arizona, yako hivohivo, tena yale membamba ni mabaya zaidi, manake mwamba haunywi maji kama udongo wetu, mvua ikinyesha mbali huko maji yote yanakimbilia kwenye mfereji mmoja, na wewe uko ndani ya huo mfereji, kuta pande zote mbili, juu unaona kipande cha mbingu ya bluu. Septemba mwaka 2015 watu saba walikufa kwa maji ya namna hiyo ndani ya Keyhole, korongo mojawapo la hifadhi ya Zion. Na Septemba ikianza watoto wetu bado wako likizo. Zion kuna sehemu inaitwa Narrows, watu wanatembea ndani ya mto Virgin wenyewe, ni pazuri na pana ubaridi na watoto wanapapenda kupita kote, sisemi msiende. Nasema asubuhi ile kabla ya kuvaa viatu muulize ofisi ya hifadhi utabiri wa mafuriko unasemaje, wakitoa onyo wanafunga, na wakifunga usibishane nao ati tumetoka mbali.

Basi kwa anayepanga, mimi sasa nahesabu lita nne za maji kwa mtu mzima kwa siku ya kutembea, na jerikeni la lita 20 ndani ya gari lisilokosekana, karanga za chumvi mfukoni, kofia pana, na kuanza kutembea saa kumi na mbili asubuhi ili saa nne iwakute mko juu mnakunywa chai. Mwenye mtoto mdogo au mzee wa presha atembee juu ukingoni, kuna mabasi ya bure yanazunguka na uzuri wa korongo unauona wote. Wala msitegemee bomba la njiani, lile linalopeleka maji Grand Canyon ni la miaka ya 1960 na linapasuka mara kwa mara, Agosti 29 mwaka 2024 walisimamisha wageni kulala upande wa kusini mpaka Septemba 5 kwa sababu hiyo, na hapo kuna watu walibuki zamani, manake vyumba vya mle ndani vinaanza kubukiwa miezi 13 kabla. Upande wa kaskazini nako ile loji kongwe iliungua na moto wa msituni Julai 2025.

Hela nayo imebadilika. Tangu Januari 2026 mgeni asiye mkazi wa Marekani, wa miaka 16 kwenda juu, anaongezewa dola 100 kuingia hifadhi 11 kubwa, na Grand Canyon, Zion na Bryce, hifadhi nyingine ya Utah, zimo. Kadi ya mwaka kwa mgeni ni dola 250, kwa hiyo familia yenye watu wazima watatu wanne wapige hesabu kabla hawajafika getini. Sina la kulalamika hapo, hata kwetu Murchison na Kidepo mgeni halipi sawa na mwenyeji. Ila Arches, Canyonlands na Capitol Reef haziko kwenye orodha hiyo ya 11 na zote ziko Utah hukohuko. Capitol Reef tuliipenda kuliko tulivyotegemea, kuna mashamba ya matunda ya tangu miaka ya 1880, unachuma mwenyewe, unapima, unalipa, baba yao alikaa chini ya mti akasema hapa ndo likizo. Bryce bebeni sweta, iko juu zaidi ya mita 2,400 na usiku ni baridi ya Kabale.

Ombi langu kwenu Mhariri ni moja. Mkirudia ukurasa ule andikeni hizo saa kwa Kiswahili chetu, saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni. Kibao cha kule juu kimeandikwa 10 na 4, na baba yao alikisoma asubuhi ile akasema hakuna shida, saa kumi bado sana. Ni mtu mzima na ana saa mkononi, lakini alikuwa na haraka, na akili ya mtu ikiwa na haraka inasoma kwa lugha ya nyumbani. Na muongeze pia kwamba Arizona hawasogezi saa zao mbele wakati wa kiangazi, Utah wanasogeza, na eneo la Wanavajo, wenyeji wa asili wa kule, lililo ndani ya Arizona nalo linasogeza, kwa hiyo anayepanga kuanza kutembea saa kumi na mbili aulize ni ya upande gani.

Ni mimi msomaji wenu,
Mama wa watoto watatu,
Namakwekwe, Mbale