Kabla hujashuka Soni: kwanini tunakusumbua sana na breki

Wadau habari zenu. Karibu kila wikiendi hapa dukani kwetu Lushoto, tunakokodisha baiskeli na kuongoza wageni, swali ni lile lile, mtu anafika na baiskeli yake ameipandisha kwenye basi toka Dar, tairi mpya, gia zote zinaingia, anataka tu ramani na mtu wa kumuongoza, halafu fundi wetu anaigeuza baiskeli miguu juu anaanza kufungua breki. Mteja anauliza kwanini tunamsumbua na breki, anaona kama tunamtafutia sababu ya kumuuzia padi, vile vipande vinavyobana kusimamisha gurudumu. Tunaelewa kabisa, hakuna anayependa kucheleweshwa asubuhi, lakini leo naomba niliseme lote ili ukija ujue tunaangalia nini.

Watu wengi wakija Usambara wanaogopa kupanda. Wanapiga simu wanauliza mlima ni mkali kiasi gani, nitaweza kweli, mimi sijapedali miezi mitatu. Kupanda kunachosha tu ndugu yangu. Ukichoka unashuka kwenye siti unasukuma, hata vijana wa huku wenye miguu ya chuma wakiwa na mzigo wa kabichi wanasukuma, unakaa chini ya mti unakunywa maji, mlima unakusubiri. Mteremko haukusubiri. Ukishaanza kushuka na breki imekataa hakuna pa kupumzika, kushoto ukuta wa mlima kulia bonde, mbele yako kona na nyuma ya kona hujui kama kuna fuso la mboga linapandisha au bodaboda imebeba watu watatu.

Chukua barabara ya Lushoto mpaka Mombo, ambayo wengi ndo wanaipenda kwa sababu ni lami na mandhari yake ni ya kukufanya usimame kila saa. Ni kilomita 33. Lushoto tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Mombo iko kule chini kwenye joto, mita 400 na kitu. Kwahiyo unashuka karibu mita 1,000, na sehemu kali yenyewe ni kuanzia Soni, mji mdogo ulio njiani, kwenda chini, pale ambapo barabara imejikunja kunja kufuata korongo la mto. Sasa mtu na baiskeli na begi lake tuseme wote pamoja kilo 90. Uzito huo ukishushwa mita 1,000 bila kuachiwa uongeze spidi, ile nguvu lazima iende mahali, kiasi inachukuliwa na upepo na iliyobaki inakuwa joto kwenye breki. Ukiikusanya yote inatosha kuchemsha zaidi ya lita 2 za maji ya bomba. Halafu joto hilo linapita kwenye vipande vya padi vidogo kuliko kidole gumba chako.

Mwaka jana kipindi cha baridi tulikuwa na mteja mmoja, mtu mwangalifu sana, siyo wale wa kukimbia. Mimi nilikuwa nyuma ya kundi. Chini ya Soni kidogo nikaanza kusikia harufu kama ya kitu kinaungua, nikapiga kelele asimame, nikaona anaivuta mkono wa breki unakuja mpaka unagusa usukani na baiskeli bado inaenda. Bahati ile sehemu ilikuwa na mtaro na ukuta wa udongo upande wa ndani, akaiegemeza baiskeli pale ikasimama, akachubuka kiwiko basi. Nilichukua chupa nikadondosha tone moja la maji kwenye disiki ya nyuma, ile sahani ya chuma inayobanwa na padi, likalia chwaaa likapotea hapo hapo. Tulipofungua padi uso wake ulikuwa unang'aa kama kioo, ukipitisha ukucha unateleza. Na alichokosea ni kile ambacho kila mtu mwangalifu angefanya, toka Soni alikuwa ameshikilia breki kidogo kidogo bila kuachia hata mara moja, akiamini ndo usalama wenyewe.

Hapo ndipo penyewe. Breki ikishikiliwa muda wote haipati nafasi ya kupoa. Zile za mafuta, mafuta yakipata moto sana yanachemka, yanatoa hewa ndani ya bomba, mkono unakuwa laini kama sponji. Zile za mpira zinazobana rimu, rimu yenyewe ndo inapata moto, na kama tyubu yako ina kiraka gundi inaachia, tairi linakwisha upepo katikati ya kona. Baiskeli za kawaida za mtaani, zile tunazozijua wote, ndo zina breki za hivi na mara nyingi vile vipande vya mpira vimekuwa vigumu kwa kukaa juani miaka, unavikuta vina unene wa kutosha lakini havishiki kitu. Kwahiyo usituonyeshe unene peke yake.

Tunavyofundisha sisi ni hivi. Acha baiskeli ikimbie kidogo pale barabara ilipo wazi unapoona mbele, halafu kabla ya kona, siyo ndani ya kona, vuta breki zote mbili kwa nguvu mpaka spidi ishuke kweli kweli, kisha achia kabisa. Sogeza makalio nyuma, ukibana ya mbele peke yake ukiwa umeinamia usukani utaruka. Kaa kushoto kwako, usikate kona hata kama unaona hakuna gari, malori ya kanta yanayopandisha huwa yanatanuka. Na tukisema tunasimama, tunasimama wote. Wengine wanadhani pale Soni tunasimama kwa ajili ya maporomoko tu, maporomoko ni mazuri ndio, piga picha, lakini na sisi tunapitisha mkono karibu na disiki moja moja, na isipopoa hatuondoki.

Njia ya kwenda Mtae ni habari nyingine na kwangu mimi ndo nzuri kuliko zote. Hapo hamna mteremko mmoja mrefu, unapanda Magamba ndani ya msitu, baridi, ukungu umekaa kwenye miti, ukiwa na bahati unaona mbega wanaruka, unatokea upande wa pili unashuka, kisha Lukozi na mashamba yake ya mboga yamepangwa kama ngazi, unapanda tena kigongo kingine unashuka, hivyo hivyo kilomita 50 na kitu mpaka unafika Mtae ambako kijiji kimekaa juu ya ukingo na chini yako ni nyika ya Mkomazi mpaka jicho linachoka. Kwenye njia hiyo breki zinapoa kila unapopanda. Kinachozimaliza ni udongo. Kiangazi vumbi, masika tope jekundu, na lile tope lina mchanga linasaga padi kama msasa, nimeshaona padi mpya asubuhi ikafika jioni imebaki chuma. Ndo maana kuanzia Machi mpaka Mei tunabeba padi za akiba kwa kila baiskeli, na kama mvua imenyesha usiku kucha tunaweza kukuambia leo twende kwa miguu.

Na mnaokuja kwa miguu msidhani hayawahusu, mteremko ni ule ule ila breki ni magoti yako. Ukitoka Irente, pale ukingoni wanapoenda watu kuangalia mandhari, ukashuka vijia vya kwenda chini, kesho yake paja ndo linauma, siyo kifua. Kata kucha za vidole vya miguu kabla ya safari, funga kamba za kiatu upya ukifika juu ili mguu usigonge mbele, shika fimbo, tunazo hapa za bure, piga hatua fupi.

Kukagua breki hatuchaji, iwe umekodi kwetu au umekuja na yako. Padi zikiwa zimeisha tunakuonyesha kwa macho yako kabla ya kubadilisha, na za zamani tunakupa mkononi uondoke nazo. Fika saa 1 asubuhi, siyo saa 3, fundi anahitaji kama nusu saa kwa baiskeli moja na mawingu huku yanashuka mchana. Kama unatoka nyumbani sasa hivi fanya hili moja kwanza: pandisha baiskeli kwenye ngazi ya nyumba, ibane breki ya mbele halafu isukume kwenda chini, kisha ya nyuma peke yake. Gurudumu likizunguka hata kidogo, tupigie kabla hujapanda basi tukuandalie padi za saizi yako.