Nachingwea ya Frelimo tuisimulie yote

Mhariri, naomba nafasi kidogo gazetini kwako. Mimi ni mkazi wa Nachingwea, mkoa wa Lindi, na huku kwetu ikija habari ya ukombozi wa kusini tunajivunia kambi ya Farm 17 ya Frelimo, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, kwamba hapa ndo Samora Machel, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Msumbiji, aliwanoa wapiganaji mpaka Mreno akang'oka. Ni haki yetu kujivunia. Ila kuna kitu tunakipita juujuu, kwamba mwaka 1975, kabla Msumbiji haijapata uhuru wake Juni 25, hapahapa Nachingwea waliletwa watu waliotofautiana na Frelimo wakaanikwa mbele ya watu kama wasaliti, hakimu hakuna, wakili hakuna, rufaa hakuna.

Mmoja wao ni Uria Simango. Huyu sio mtu wa pembeni jamani, alikuwa mchungaji wa kanisa na makamu wa Eduardo Mondlane, rais wa kwanza wa Frelimo, na Mondlane alipouawa kwa bomu Dar es Salaam Februari 1969 akawa kwenye uongozi wa watu watatu pamoja na Machel na Marcelino dos Santos, wakagombana wakamfukuza. Mapinduzi yalipotokea Ureno 1974 akarudi kwao akaingia chama kingine, akakamatwa Malawi, akakabidhiwa Frelimo, akaletwa huku na kusomeshwa karatasi ndefu ya kukiri makosa hadharani. Alikuwepo pia mama mmoja mwanasiasa, Joana Simeão, na Lázaro Nkavandame, Mmakonde wa Cabo Delgado, yani ng'ambo tu ya mto Ruvuma ambako watu kibao wa Mtwara wana ndugu zao. Walituhumiwa kutumika na Mreno. Sawa, kama ushahidi ulikuwepo si wangewapeleka mahakamani?

Baadae wakahamishiwa kambi ya M'telela kule Niassa, Msumbiji, wakauawa kimyakimya bila kesi, na Celina mke wa Simango naye akauawa. Mtoto wao Daviz alikuja kuwa meya wa Beira, amefariki 2021 hajakabidhiwa hata mabaki ya wazazi wake azike. Hilo linaniuma sana.

Na sisi wenyeji tungehoji vipi wakati ule? Kwetu pia chama kilikuwa kimoja kisheria toka 1965, na sheria ya 1962 ilimruhusu rais kumweka mtu kizuizini bila kesi, kwahiyo anayeuliza sana na yeye anajiweka pabaya. Lakini sasa hivi tunaweza.

Ombi langu, kama kambi ile inatunzwa kwa ajili ya historia basi majina ya hao watu yaandikwe pale pamoja na ya mashujaa, wazee walioshuhudia warekodiwe wangali hai, na serikali yetu iwaombe majirani zetu wa Msumbiji waonyeshe makaburi yalipo, mana walishikiliwa kwenye ardhi yetu na hilo deni ni letu pia.

Msomaji wako,
Nachingwea, Lindi