Aliyekosa siku moja ya kifungo cha nje aulizwe kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu maneno yanayosemwa sana huku Rungwe na Mbeya mjini, kwamba kifungo cha nje, yaani kufanya kazi za jamii badala ya kukaa gerezani, ni kumdekeza mhalifu, na kwamba anayekacha amri ya mahakama amethibitisha kuwa alistahili gereza tangu mwanzo. Mimi ni mtumishi wa kituo cha afya. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwapokea watu wanaoletwa na afisa uangalizi, anayesimamia adhabu hiyo, kufyeka majani, kuzibua mitaro na kuchota maji, nami ndiye ninayesaini daftari lao la mahudhurio. Nimewaona wanaomaliza na nimewaona wanaotoweka. Wengi wa wanaotoweka hawakupanga kuasi. Walikosa siku moja, hakuna aliyewauliza, wakaingiwa na hofu.

Kijana mmoja aliyehukumiwa kwa kosa la kupigana alianza vizuri kabisa. Alikuwa anafyeka hadi nyuma ya kichomea taka, mahali ambapo wenzake wote hupakwepa. Riziki yake ni kupakia viazi. Msimu ukifika pale Isongole, Fuso hupakiwa alfajiri, na usipokuwepo gunia la kwanza la lumbesa linapopandishwa, siku hiyo huna kazi. Amri ilimtaka awe kwetu asubuhi hiyo hiyo. Siku moja akachagua viazi, maana nyumbani kulikuwa hakuna unga. Siku ya pili akaona aibu kurudi. Siku ya tatu wenzake kijiweni wakamwambia jina lake limeshafika polisi. Halikuwa limefika popote, lilikuwa bado kwenye daftari langu na nafasi tupu mbele yake. Lakini yeye alishapanda gari kwenda Chunya, machimboni, akiwa amebakiza wiki chache amalize adhabu yake. Hati ya kumkamata ilitoka baadaye, na sasa anatafutwa kweli.

Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inamruhusu hakimu kumpa mkosaji kazi za jamii badala ya kifungo kisichozidi miaka 3. Kabla ya kutoa amri, mahakama hupokea taarifa ya uchunguzi wa kijamii: afisa huenda anakoishi mtu, akaongea na ndugu, mwenyekiti wa kitongoji, hata aliyekosewa. Hapo ndipo pa kuuliza maswali ambayo kwa ninavyoona hayaulizwi vya kutosha. Huyu mtu anakula kwa kufanya kazi gani, na saa ngapi? Anatoka umbali gani? Mvua za huku zikikolea na barabara za vijiji vya mlimani zikiwa tope tupu, atafika kwa usafiri gani? Nauli ya bodaboda kwenda na kurudi inaweza kumeza ujira wote wa kibarua. Kumpangia mtu ratiba ambayo hawezi kuifuata, kisha kumwita mkaidi, ni kumwonea.

Mama mmoja aliyekutwa na gongo alimaliza adhabu yake kwetu bila doa. Afisa wake, dada asiyechekea uzembe hata kidogo, alikaa naye kwenye benchi la wagonjwa wa nje akamfafanulia amri kwa Kinyakyusa, kipengele kwa kipengele, mpaka yule mama akaweza kumrudishia kwa maneno yake mwenyewe. Akamwandikia namba ya simu nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto: ukikwama, piga hapa kabla ya kazi kuanza. Mtoto alipougua, alipiga. Nikaandika ruhusa kwenye daftari, akaja kufidia siku yake Jumamosi.

Hofu ya jela walikuwa nayo wote wawili. Kwa yule mama ilimfanya apige simu, kwa yule kijana ikamfanya akimbie. Kilichowatofautisha ni kwamba mmoja alijua kuna mtu wa kumsikiliza, mwingine alijua polisi tu. Utafiti uliofanywa Chicago mwaka 1984 kwa kuwahoji wakazi 1,575 ulionyesha jambo linalofanana na hili: watu hutii zaidi wanapoona wenye mamlaka wanawatendea haki na kuwasikiliza, na hofu ya kukamatwa peke yake ina nguvu ndogo kuliko tunavyodhani. Kwa niliyoyaona kwenye daftari langu, sina sababu ya kubisha.

Wakaidi wapo, sikatai. Aliwahi kuletwa mmoja akawa anakuja amelewa, na siku moja akamtukana muuguzi mbele ya wagonjwa. Nilimpigia simu afisa siku ile ile ili arudishwe mbele ya hakimu. Mtu kama huyo akiachwa miezi bila hatua, wenzake wanaona amri ni karatasi tu, na aliyeibiwa au kupigwa anaona mahakama imemsahau. Lakini huwezi kumtenganisha mkaidi na aliyekwama kama hukumuuliza yeyote kati yao. Kumuuliza kunachukua dakika chache.

Ndiyo maana ombi langu kwa mahakama na kwa maafisa uangalizi wa mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini ni hili: mtu asipofika, atafutwe kabla ya kesho yake jioni. Afisa mmoja anahudumia eneo kubwa, hawezi kufika kila kijiji, kwa hiyo kazi hiyo tupewe sisi wasimamizi, pamoja na mtendaji wa kijiji na balozi wa nyumba kumi, kwa maandishi, ili tusionekane tunaingilia. Na kabla msimu wa viazi haujaanza, tukutane na maafisa, tupitie orodha ya waliopo sasa, na kwa ridhaa ya hakimu wale wanaoishi kwa vibarua vya alfajiri wahamishiwe jioni au Jumamosi. Mimi niko tayari kubaki kazini saa hizo, na walimu wa shule mbili za jirani wameniambia nao wako tayari.

Mtumishi wa afya,
Rungwe, Mbeya.