Risala ya Umoja wa Wakazi wa Mtaa, Tabata, kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya ya Ilala. Mheshimiwa Diwani wa Kata. Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa na wajumbe wako. Afisa Mtendaji wa Mtaa. Mkaguzi wa Polisi Kata. Viongozi wetu wa dini. Wazee wetu, kina mama, vijana na watoto wa mtaa huu: Assalamu alaykum, Bwana Yesu asifiwe, na kwenu nyote tunasema habari za mchana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa dhati kwa kukubali mwaliko wetu. Katika jiji ambalo Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 5,383,728, kila mtaa una shida zake na kila mtaa ungependa kukupata, nawe umechagua kuja kukaa nasi chini ya mwembe huu. Kwa hiyo hatutakuchosha kwa maneno mengi ya kujisifu. Tutakueleza habari za ulinzi wetu, habari za wadudu wanaokula bustani zetu na habari za barabara yetu, na tunakuomba utuvumilie, kwa sababu mambo hayo matatu, ambayo sisi wenyewe kwa muda mrefu tuliyaona kuwa hayahusiani, yalitufikisha mahali pamoja. Mahali hapo ni mtaro wa maji ya mvua unaokatiza mtaa wetu kuelekea bonde la Mto Msimbazi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tulianza na ulinzi. Umoja huu ulizaliwa baada ya nyumba kadhaa kuvunjwa usiku na watu kuibiwa mitungi ya gesi, pampu za maji na hata nguo zilizosahaulika kambani. Serikali ya Mtaa ikaitisha mkutano, Mkaguzi wa Polisi Kata akatufundisha taratibu za ulinzi shirikishi, kila kaya ikakubali kuchangia, na vijana wetu wakaanza doria wakiwa na tochi, filimbi na daftari. Tangu siku ya kwanza tulikubaliana kwamba anayeshukiwa hapigwi. Anashikwa, Polisi wanaitwa kwa namba 112, naye anakabidhiwa akiwa mzima. Tunalitamka hili mbele yako na mbele ya watoto wetu kwa sababu tunalijali kuliko mitungi ya gesi: mtaa unaomuua kijana kwa kelele za mwizi unaweza kumuua mtoto wa mtu asiye na hatia, na hakuna pampu inayolingana na uhai huo.

Lile daftari ndilo lililotufungua macho. Vijana huandika kila tukio, saa yake na mahali pake, na katibu wetu alipokaa kulisoma ukurasa kwa ukurasa aliona kwamba matukio mengi ya uporaji yalitokea katika kipande kimoja cha njia, kile kinachofuata mtaro kutoka kona ya gereji mpaka karibu na msikiti. Ni njia ya mkato ya watu wanaoshuka daladala jioni. Haina taa, majani yamekua marefu kuliko mtu, na ukingo wa mtaro umebomoka kiasi kwamba anayekimbizwa hana pa kukimbilia isipokuwa ndani ya maji. Mama mmoja wa mtaa huu, aliyekuwa akirudi kutoka kazini, alitumbukia humo akiwakwepa vijana wawili waliomvizia, akavunjika mkono. Mkoba wake ulipatikana asubuhi ukiwa mtupu, lakini mkono ulichukua miezi kurudi katika kazi, na hata leo hapiti njia hiyo, hata mchana.

Tumejitahidi. Wenye nyumba zinazotazama mtaro wamefunga taa nje ya kuta zao, ingawa umeme ni wa kununua na si kila kaya inaweza kuacha taa ikiwaka mpaka asubuhi. Tumefyeka majani mara kadhaa, nayo huota tena mvua zinapoanza. Vilevile tunavitunza vibao vya majina ya mitaa na namba za nyumba zilizowekwa katika Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, kwa kuwa gari la wagonjwa, au la Zimamoto linaloitwa kwa namba 114, haliwezi kumwokoa mtu ambaye nyumba yake haijulikani ilipo. Baadhi ya vibao vimeng'olewa na tunaamini viliuzwa kama vyuma chakavu. Tunawasihi wanunuzi wa vyuma chakavu waliopo hapa wavikatae vibao hivyo na kututaarifu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, jambo la pili ni la kina mama wa bustani, na wametuagiza tulieleze kwa kirefu, kwa sababu mara nyingi wadudu wa bustani huonekana kuwa ni shida ndogo isiyostahili kufikishwa kwa Mkuu wa Wilaya. Kwetu si ndogo. Kina mama hao hulima mchicha, matembele, bamia na nyanya katika viroba, katika matairi ya zamani na katika vipande vidogo vya ardhi nyuma ya nyumba. Mboga hizo ndizo kitoweo cha jioni, na zinazobaki huuzwa kibarazani zikalipia daftari na nauli ya mtoto wa shule.

Adui mkubwa amekuwa konokono, yule mkubwa wa gamba la kahawia, mwenyeji wa pwani yetu ya Afrika Mashariki, ambaye watu walimsafirisha hadi Asia na visiwa vya Pasifiki akageuka balaa huko pia. Hutaga mayai mia na zaidi kwa mara moja, hutoka usiku na baada ya mvua, na kitalu cha mchicha kilicholala kizima huamka kikiwa vijiti vitupu. Mwanzoni kila mtu alipambana naye peke yake. Wapo waliomwaga chumvi kwenye kitalu, konokono wakafa na udongo nao ukaharibika. Wengine walizungushia majivu, ambayo husaidia yakiwa makavu na hayana faida tena mvua ikinyesha. Bibi shamba wa kata alipotutembelea alituambia tuache kutazama kitalu, twende tukatafute mahali konokono anapolala mchana. Tulimkuta kule kule mtaroni, chini ya vifusi, chini ya mabati mabovu na ndani ya majani yale yale yanayowaficha waporaji. Sasa kila Jumamosi jioni tunawaokota kwa pamoja na kuwatumbukiza katika ndoo ya maji ya chumvi, na mtoto haruhusiwi kumshika kwa mkono mtupu, kwa kuwa konokono huyu anaweza kubeba minyoo ya mapafu ya panya inayomdhuru binadamu.

Kuhusu nyanya, wengi wenu mnamfahamu kanitangaze. Ni kiwavi wa nondo mdogo mwenye asili ya Amerika Kusini, aliyebainika nchini mwaka 2014, na ubaya wake ni kwamba hujichimbia ndani ya jani, dawa inayopulizwa juu isimfikie. Kina mama wetu hukagua miche kila asubuhi, wakachuma majani yenye michirizi myeupe na kuyachoma. Kwa vidukari na inzi weupe wanatumia mwarobaini: majani au, bora zaidi, mbegu zilizotwangwa, zikalowekwa usiku kucha, zikachujwa na kutiwa sabuni kidogo, kisha dawa ikapulizwa jioni kwa kuwa jua kali huiua nguvu. Ni kazi ya mikono na uvumilivu, nasi tunaiheshimu.

Maembe ni shauri la mtaa mzima. Inzi wa matunda hutaga ndani ya embe likiwa bado mtini, embe huanguka likiwa na funza, na funza hao huingia ardhini kisha hutoka wakiwa inzi wapya. Mmoja akiokota maembe yaliyooza na kuyafukia kwenye shimo la futi mbili, huku jirani yake akiyaacha yaoze chini ya mti, kazi ya yule wa kwanza imepotea. Ndiyo maana Umoja umepanga siku ya kufukia maembe katika msimu, na tunaomba wenye nyumba wasioishi hapa wawaruhusu wapangaji wao kushiriki.

Kwa kuwa tunazungumzia mtaro, tuseme pia jambo la mbu kwa usahihi. Mbu wa dengue, ugonjwa uliotusumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, hupenda maji safi yaliyosimama katika ndoo, makopo na matairi ya majumbani mwetu, na kwa hao wa kulaumiwa ni sisi wenyewe. Mtaroni, katika maji machafu yaliyotuama, wanazaliwa mbu wengine wanaotunyima usingizi na wanaoweza kueneza matende. Hatutaki kubebesha mtaro lawama zisizo zake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tumefika barabarani. Barabara yetu ya changarawe imetengenezwa zaidi ya mara moja. Greda hupita, changarawe humwagwa, watu hufurahi, masika hufika mwezi Machi, na ikifika Mei barabara imerudi kuwa mashimo. Sababu ni maji. Maji yakikosa njia ya kupita pembeni hupita katikati, hulainisha udongo wa chini, na lori moja la mchanga likikanyaga hapo, shimo limeshazaliwa. Mkandarasi mmoja aliwahi kuchimba mtaro wa pembeni nusu ya urefu uliotakiwa, kisha akaondoka, na tangu hapo maji hufika mwisho wa kazi yake yakageukia nyumba za bondeni. Wazee wetu wa bondeni hawajasahau mafuriko ya Desemba 2011. Wingu likitanda juu ya Pugu tunawaona wakianza kunyanyua magodoro.

Ni lazima tuseme na makosa yetu. Baadhi yetu tulijenga ngazi na vibaraza juu ya mtaro. Baadhi tulielekeza humo maji ya bafuni, na wapo, tunaona aibu kulisema mbele ya mgeni, waliokuwa wakisubiri mvua kubwa ili watapishe vyoo. Mkutano wa wakazi ulikubaliana kwamba jambo hilo likome, na wenye vibaraza vilivyoziba mtaro wamevivunja kwa mikono yao bila kusubiri amri. Haikuwa rahisi. Kuna mzee aliyevunja kibaraza alichokaa jioni kwa miaka mingi, na tunamshukuru hapa hadharani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi letu kubwa linatokana na hayo. Tunafahamu kuwa barabara za mitaa zinasimamiwa na TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, iliyoanzishwa mwaka 2017, na kwamba Mradi wa Uendelezaji wa Jiji la Dar es Salaam, DMDP, umeingia awamu ya pili. Mitaa mingi inaomba lami, nasi tungeipenda. Lakini tunakuomba utusaidie kupata mtaro kwanza: uchimbwe mpaka mwisho, ujengwe kwa zege na mawe, ufunikwe sehemu ya waenda kwa miguu, na yawekwe makalavati mapana katika kona ya gereji na kona ya msikiti. Pembeni ya mtaro tunaomba taa za sola katika kile kipande cha njia ya mkato. Lami ikija kabla ya mtaro itaondoka na masika ya kwanza au ya pili, na fedha ya umma itakuwa imekwenda Msimbazi. Tunaomba pia mhandisi atakayepima aje wakati wa mvua, ayaone maji yenyewe yanakopita, kwa maana wakati wa kiangazi mtaro huu humdanganya mtu yeyote.

Kwa upande wetu, wenye viwanja vinavyopakana na mtaro wamekubali kwa maandishi, mbele ya Afisa Mtendaji, kurudisha uzio nyuma ili mtaro upate upana wake. Vijana watatoa nguvu kazi ya kuchimba na kubeba mawe. Kina mama wa bustani wameomba ukingo ukikamilika wapewe jukumu la kupanda nyasi za kuzuia mmomonyoko na kuuweka safi, jambo ambalo litawanyima konokono makao na waporaji maficho. Wakazi wa Tabata hawajaanza leo kujitetea: mwaka 1988 walikwenda Mahakama Kuu kupinga taka za jiji kumwagwa karibu na nyumba zao, wakashinda, na leo neno Dampo limebaki kuwa jina la mahali tu. Sisi hatuendi mahakamani. Tumekuja kwako tukiwa na majembe tayari.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, meza imeandaliwa na kina mama wamepika matembele ya bustani zao wenyewe. Kabla ya kukaribia chakula, tunakuomba utembee nasi mpaka kona ya gereji ukauone mtaro kwa macho yako. Ni mwendo wa dakika chache, na yule mama aliyevunjika mkono amesema leo, kwa kuwa tutakuwa wengi, naye atapita njia hiyo pamoja nasi.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya Umoja wa Wakazi wa Mtaa.