Huyo mama atakaa meza ya wazazi

Mdogo wangu,

Umeuliza kwenye kundi la ukoo, shangazi na wajomba wakisoma: "Huyo mama wa Ukerewe ni nani kwetu hadi akae meza ya wazazi?" Kule sikukujibu. Harusi ni ya mwanangu, sikutaka ianze na maneno. Nakujibu hapa.

Unaikumbuka Julai ile. Kipupwe, upepo wa kusi, ziwa limechafuka, nami nimekwama Bugolora, hapo Ukerewe, nikisubiri kuvuka kwenda kisiwa cha Ukara. Homa ilinikuta kwenye benchi lake la chai, natetemeka hadi kikombe kinagonga meno. Hakuniuliza kwetu wapi. Alifunga banda akaita vijana wake. Bahati yangu mbalamwezi ilikuwa kali. Wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani mwezi ukiwa mpevu, taa zao hazivuti kitu, kwa hiyo walikuwa nyumbani. Wakanipakia kwenye bodaboda, mmoja nyuma amenikumbatia nisidondoke, hadi zahanati. Malaria.

Dawa ya mseto unaijua: dozi ya pili ni saa nane baada ya ile ya kwanza, na haitaki tumbo tupu. Ya kwanza nilimeza saa moja jioni. Saa tisa usiku akaniamsha, koroboi mkononi, mchuzi wa sato umeshapashwa. Nikautapika kabla hata ya kugusa vidonge. Akafuta sakafu, akapasha mwingine. Blanketi la nyumba ile lilikuwa moja, na nililala nalo mimi.

Asubuhi nikakupigia. Mikono haikuwa na nguvu, yeye ndiye aliyenishikia simu, spika imefunguliwa. Ukasema: "Dada, chunga pochi yako. Hao watu wa visiwani wanakuuguza wapate hela."

Alisikia yote. Hakukata. Alinishikia mpaka ulipomaliza, akaiweka simu chini, akaniuliza kama uji uongezwe sukari.

Halafu ukaahidi kuja. Kutoka Mwanza hadi Nansio ni saa chache tu za meli! Kila honi ilipolia nilidhani ni bodaboda imekuleta.

Wewe ndiye niliyekubeba mgongoni tukienda Igombe, na siku tuliyomzika mama ulilala mapajani pangu, mtu mzima na ndevu zako. Sijakutoa moyoni. Ila nakushauri kama dada yako, ukiongea na mgonjwa aliye mbali chunga ulimi, hujui nani ameshika simu. Na usiwaambie watu kwamba nimepandisha mgeni juu ya damu. Shangazi ana kiti chake, wewe una chako. Nilichompa ni kiti cha marehemu mama, na najua hapo ndipo panapokuuma. Hata mimi panauma. Lakini mama asingeniruhusu kukiacha kitupu wakati aliyeniuguza amekaa nyuma na wapishi.

Kitenge cha sare kiko kwa fundi. Huyo mama anaingia Ijumaa na meli ya Nansio. Wewe unakaa Kirumba, bandarini ni karibu: nenda kampokee, umbebee mizigo. Sijamwambia nani atakuja. Mwamkie vizuri, maana sauti yako anaijua.