Futi 6 kwa inchi 16

Mwanangu mpenzi,

Kabla hujasoma chochote kuhusu Waingereza waliopinga biashara ya watumwa, tafuta chaki na futi kamba. Chora sakafuni mstatili wa urefu wa futi 6 na upana wa inchi 16, ulale ndani yake. Hiyo ndiyo nafasi ya mwanamume mmoja katika mchoro wa Brookes, meli ya watumwa ya Liverpool. Msichana alipimiwa inchi 12. Juu yako weka ubao, futi 2 na inchi 7 kutoka sakafuni. Huwezi kuketi.

Mchoro huo uliandaliwa na kamati ya wapinga biashara ya watumwa ya Plymouth mwishoni mwa 1788, na mwaka uliofuata kamati ya London ikautoa kwa upana zaidi. Vipimo hawakuvibuni: serikali yenyewe ilimtuma Kapteni Parrey wa jeshi la majini akapime meli bandarini. Ndiyo maana wafanyabiashara walishindwa kuukanusha. Shahidi wao alikuwa amedai kwamba vyumba vya watumwa hufukizwa ubani. Ubani! Mbele ya inchi 16 neno hilo halikuwa na pa kusimama.

Mchoro unaonyesha watu 482, nao wamejaa hadi ukutani. Lakini katika safari moja ya nyuma Brookes ilibeba 609. Waliozidi waliwekwa wapi? Thomas Trotter, daktari aliyesafiri na meli hiyo, aliwaeleza wabunge mwaka 1790: walilazwa kiubavu, wamepachikana kama vijiko. Hata hivyo, Aprili 1791 hoja ya kupiga marufuku biashara hiyo ilishindwa kwa kura 163 dhidi ya 88.

Usiutazame mchoro peke yake, mwanangu. Watu wake hawana sura wala sauti. Usome pamoja na kitabu cha 1789 cha Olaudah Equiano, Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa, alichokigharimia kwa fedha za wasomaji waliojiandikisha mapema, kisha akazunguka Uingereza, Scotland na Ireland akikiuza mwenyewe. Humo utakuta joto, uvundo, na mapipa ya haja ambamo watoto walitumbukia wakakaribia kufa. Katika mchoro hakuna pipa hata moja.

Kitabu kilichapwa mara 9 angali hai. Alifariki 1797, sheria ya kukomesha biashara ile ilipita 1807.

Akupendaye,
Baba yako